Saa saba, kumi na tatu au kumi na tano?



Juzi nililetewa barua na msikilizaji mmoja wa Kisauni, Mombasa. Ni mama mtu mzima, na barua ameiandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa wino wa buluu, kurasa mbili. Binti yake wa mwisho amepata nafasi ya masomo huko Marekani, na mapema Januari ataondoka Nairobi kwenda New York kwa ndege isiyosimama popote njiani. Binti hajapata kupanda ndege, na mama pia hajapata.

Mama anasema ana swali dogo tu. Safari hiyo ni ya saa ngapi? Amelitafuta jibu mwenyewe na amepata majibu matatu. Kwanza aliitazama tiketi. Imeandikwa kuondoka 23:25 na kufika 06:25, na kwa saa zetu za Kiswahili hiyo ni saa 5 na dakika 25 usiku, na saa 12 na dakika 25 asubuhi. Akahesabu kwa vidole, zikawa saa 7. Kisha mjukuu wake akatafuta katika simu, na simu ikasema kutoka uwanja huu hadi ule ni kilomita 11,840, mwendo wa saa 13 na dakika kidogo. Mwisho akamwendea wakala aliyemwuzia tiketi, naye akamjibu: "Saa kumi na tano, mama, wala usiwe na wasiwasi."

Sasa anauliza, katika hawa watatu nani mwongo? Na chini kabisa ya ukurasa wa pili, kama mtu aliyekumbuka jambo akiwa tayari amefika mlangoni, ameongeza mstari mmoja: "Nataka kujua nikae saa ngapi kabla ya kuanza kuogopa."

Kuuliza si ujinga, na swali hili nililikosea mimi mwenyewe mwaka 2018, nikiwa mtu mzima mwenye stashahada ya uandishi wa habari na kazi ya kuwaeleza watu mambo ya dunia. Nitafika huko. Kwanza nimjibu mama kuhusu hao waongo wake.

Hakuna mwongo hata mmoja. Ila kila mmoja amejibu swali ambalo si la mwenzake.

Tuanze na simu. Kilomita 11,840 ni umbali wa kweli kati ya uwanja wa Jomo Kenyatta na ule wa John F. Kennedy, ukiupima kwa njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia. Nasema juu ya uso wa dunia, kwa kuwa wengi wetu ramani tuliyoijua ni ile ya ukutani darasani, bapa kama mkeka. Ukiweka rula juu ya ramani ile kutoka Nairobi hadi New York, mstari unakatiza Nigeria, Mali na Mauritania, kisha unaingia baharini. Lakini dunia si mkeka. Nyumbani kwangu mwanangu ana tufe, lile duara la plastiki lenye ramani ya dunia. Jana jioni nilichukua uzi wa kushonea, nikaubana Nairobi kwa kidole gumba, nikauvuta mpaka New York, nikaukaza. Uzi ukikazwa hutafuta wenyewe njia fupi. Ulipita kaskazini mwa Uganda, ukaingia Sudan Kusini, ukagusa pembe ya Darfur, ukapita Chad na Niger, ukakata jangwa la Algeria, ukatokea Moroko karibu na mji wa Marrakech. Kutoka hapo ukaingia Atlantiki, ukapita kwenye visiwa vya Azores ambavyo ni vya Wareno, ukapanda kidogo, kisha ukateremka hadi New York. Mwanangu alicheka, akasema, "Baba, mbona unazunguka?" Nikamwambia apime na njia ile ya rula. Akapima. Ikawa ndefu zaidi.

Simu basi imechukua urefu wa uzi huo na kuugawa kwa kasi ya ndege kubwa, kiasi cha kilomita 900 kwa saa. Kilomita 11,840 kwa 900 ni saa 13 na dakika kumi hivi. Hesabu ni sahihi kabisa. Shida ni kwamba hakuna ndege inayosafiri juu ya uzi.

Ndege husukumwa nyuma taratibu kutoka mlangoni, ikajivuta hadi mwanzo wa njia ya kurukia, ikapanga foleni na wenzake. Hupanda kwa muda kabla ya kushika mwendo wake, na mwisho wa safari huteremka polepole, pengine ikizungushwa angani kusubiri zamu. Na Nairobi ina jambo lake. Uwanja wetu uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Huko juu hewa ni nyepesi, na hewa nyepesi haiinui bawa vizuri wala haiipi injini nguvu yake yote, hasa jua likiwa kali. Ndege inayokwenda New York imebeba mafuta ya usiku mzima na nusu ya mchana, kwa hiyo ni nzito sana. Njia yetu ya kurukia ina urefu wa zaidi ya kilomita 4, na mtu aliyewahi kukaa katika ndege kama hiyo atakuambia kwamba unaweza kudhani haitanyanyuka kamwe.

Tena rubani hawezi kufuata uzi hata angependa. Vita vilipozuka Sudan Aprili 2023, anga ya nchi ile ilifungwa kwa ndege za abiria, na ndege zilizozoea kupita huko zikalazimika kuzunguka. Nchi nyingine hupitika kwa ruhusa na malipo. Kwingine kuna dhoruba. Kila kupinda huongeza dakika.

Lakini kinachobadilisha hesabu kuliko vyote ni upepo. Wapo wanaoamini kwamba kwa kuwa dunia inazunguka kwenda mashariki, ndege inayokwenda magharibi hufika upesi, maana mji unaijia wenyewe. Nilimsikia mtu mmoja akilieleza jambo hili ndani ya matatu kwa ujasiri mkubwa, na abiria wote wakitikisa kichwa kukubali. La hasha. Hewa nayo huzunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa. Kama ingekuwa anavyosema, helikopta ingepaa Mombasa, ikae hapo hapo angani kwa muda wa saa moja, ishuke bara. Ukweli ni kinyume chake. Huko juu, kimo cha kilomita 9 hadi 12, sehemu za kaskazini mwa dunia zina mito ya upepo inayokwenda kwa nguvu kutoka magharibi kwenda mashariki, na hupata nguvu zaidi majira ya baridi. Anayekwenda Amerika hupanda mto, na anayerudi huteremka nao. Mwezi Februari 2020, wakati wa dhoruba iliyoitwa Ciara, ndege moja ya abiria ilitoka New York ikatua London kwa saa 4 na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida huzidi saa 6. Injini haikuwa mpya. Ilibebwa na upepo tu.

Chukua tena kilomita zetu 11,840. Upepo wa kilomita 80 kwa saa ukikupinga usoni, kasi ya 900 inabaki 820, nawe utakaa angani zaidi ya saa 14. Upepo uleule ukikusukuma mgongoni, kasi ni 980, nawe utafika kwa saa 12 na kidogo. Uzi ni uleule. Ongeza kupanda, kushuka na kusubiri, utaona kwa nini wenye ndege huandika saa 15 za kwenda na 14 au 14 na nusu za kurudi. Saa hizo huanza kuhesabiwa ndege inapoondoka mlangoni na kukoma inaposimama mlango wa pili. Wakala wa Kisauni basi amejibu vizuri. Amesema muda ambao binti atakaa kitini.

Imebaki tiketi na saa zake 7. Hapa ndipo watu wengi hujikwaa. Tiketi huandika saa ya mahali ndege inapoondoka na saa ya mahali inapofika, kila moja kwa saa ya ukutani ya mji wake. Januari, New York iko nyuma yetu kwa saa 8. Sisi tukiwa saa 8 mchana wa jua kali, wao ni saa 12 asubuhi na taa za barabarani bado zinawaka. Kwa hiyo binti anasafiri saa 15, lakini anafika mahali ambapo saa ya ukutani imerudishwa nyuma kwa saa 8, na tofauti inayoonekana ni 7. Binti hajaokoa chochote. Amekopa.

Na mkopo huu hulipwa wote. Tazama tiketi ya kurudi ya wakati safari hizi zilipoanza, Oktoba 28, 2018, siku ndege ya kwanza ya moja kwa moja ya Kenya Airways ilipoondoka Nairobi kwenda New York. Kurudi ilikuwa imepangwa kuondoka New York 12:25 mchana na kufika Nairobi 10:55 asubuhi ya kesho yake. Ukiihesabu kama mama alivyohesabu, utapata saa 22 na nusu. Saa 7 za kwenda, 22 na nusu za kurudi. Mtu angedhani ndege imeharibikia njiani. Lakini jumlisha: 7 na 22 na nusu ni 29 na nusu. Sasa jumlisha za kitini: 15 na 14 na nusu ni 29 na nusu. Sawasawa. Zile 8 ulizokopa ukienda, umezirudisha. Na Wamarekani nao wana tabia ya kusogeza saa zao mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, kwa hiyo kuna miezi ambayo tofauti yetu nao ni saa 7, si 8. Sisi wa karibu na ikweta, tunaoamka na jua lilelile mwaka mzima, jambo hilo hutushinda kulielewa, wala silaumu.

Nimeandika nambari hizi kwa uhakika, utadhani nimezaliwa nazo. Nilijifunza kwa gharama.

Desemba ya mwaka huo wa 2018, Ijumaa alfajiri, mama yetu alifariki nyumbani Likoni. Tumezaliwa wawili wanaume. Mdogo wangu alikuwa New Jersey, ng'ambo ya mto kutoka New York, na alikuwa hajaja nyumbani kwa miaka 6. Nilipompigia simu ilikuwa kwake bado Alhamisi, usiku umeingia, yuko jikoni anakula. Jambo hilo peke yake lingetosha kunizindua. Mimi nimo katika siku ambayo yeye bado hajaifikia. Lakini siku ya msiba akili haipokei mafunzo.

Alipata nafasi katika ndege ya kesho yake, yaani ya Ijumaa yake, saa 6 na dakika 25 mchana. Ndege ya moja kwa moja. Akanitumia ujumbe: "Kaka, nimepata. Saa kumi na nne na nusu. Niombeeni ninyi nikute mama hajatoka nyumbani."

Ninyi mnaotujua watu wa pwani mnajua kwamba maiti hawekwi. Ami yangu, ndiye mkubwa wa ukoo, alitaka tuzike Ijumaa ileile baada ya swala. Nikamwomba. Dada zetu wakamwomba. Akanyamaza kwa muda, akazungusha tasbihi, kisha akaniuliza, "Wewe ndiye unayesema redioni. Ndugu yako atashuka saa ngapi?"

Nikapiga hesabu mbele ya watu. Anaondoka saa 6 na dakika 25 mchana. Ongeza saa 14 na nusu. Inakuwa saa 9 kasoro dakika 5 usiku. Nikasema kwa sauti ya kazi, ile ya taarifa ya habari: "Ami, saa tisa usiku yuko Nairobi. Saa moja asubuhi anapanda ndege ya Mombasa. Saa tatu amefika hapa."

"Basi Jumamosi saa nne tunazika," akasema ami, na ikatangazwa msikitini.

Kati ya watu wote waliokuwa barazani, walimu wawili, karani wa bandari, na mimi, hakuna aliyeniuliza: hiyo saa sita na dakika 25 ni ya wapi?

Usiku ule sikulala. Ilipofika saa tisa nilikaa kitandani nikamwambia mke wangu, "Sasa anashuka ngazi." Juzi nilipokuwa na ule uzi na lile tufe nilijaribu kutafuta alikuwa wapi hasa dakika ile. Alikuwa angani saa 6 na nusu tu. Kwa kipimo cha uzi, alikuwa ameivuka Azores na bado yuko juu ya bahari, pwani ya Moroko hajaifikia.

Saa 2 na nusu asubuhi nilikuwa uwanja wa ndege wa Mombasa. Ndege ya kwanza ya kutoka Nairobi ikatua, hayumo. Nikasema pengine mizigo imemchelewesha. Nikampigia simu, imezimwa. Saa 3 na robo nikaanza kutokwa jasho. Dereva mmoja wa teksi, kijana tu, alikuwa ameegemea gari lake akila mhogo wa kuchoma. Akaniuliza namngoja nani. Nikamwambia. Akasema, bila hata kufikiri, "Ile ya Marekani bado, mzee. Ile hutua Nairobi karibu saa tano."

Nikamwambia haiwezekani, nimehesabu mwenyewe. Akanitazama kwa huruma. "Umehesabu kwa saa yao au kwa saa yetu?"

Ndugu wasikilizaji, kijana yule alikuwa amekaa nje ya uwanja akingoja watoto wa wenzake mwezi mzima na nusu tangu safari zile zianze, na alijua jambo ambalo mimi sikulijua.

Nikampigia ami. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kaburi limechimbwa, akasema, na watu wamefika kutoka Kwale na Malindi, wengine walilala njiani. "Mwambie ndugu yako atusamehe." Sauti yake haikuwa ya ukali, na afadhali ingekuwa. Nilirudi mbio, nikafika jeneza likiwa limekwisha inuliwa.

Mdogo wangu alitua Nairobi saa 5 kasoro dakika chache, kama tiketi ilivyosema tangu mwanzo kwa yeyote aliyejua kuisoma. Akapita uhamiaji, akangoja sanduku, akahamia jengo la safari za ndani, akapata ndege ya mchana ya Mombasa. Kutoka Nairobi hadi Mombasa angani ni chini ya saa moja. Kisha akafika kwenye kivuko, akasimama na watu na mikokoteni na mbuzi, akiwa amevuka jangwa na Atlantiki nzima, akayatazama maji ya mita mia chache kati yake na kwao. Alifika makaburini karibu saa 10 alasiri. Swala ya alasiri ndiyo kwanza imetoka.

Nimelihesabu hilo mara nyingi. Ami mwenyewe alilisema siku ya matanga, tukiwa tumekaa wawili: "Ungeniambia alasiri, ningengoja alasiri. Ni saa sita tu." Aliisema bila kunitazama, na hatukuirudia tena mpaka naye alipoondoka.

Pale kaburini ndugu yangu hakulia. Alisimama, akachukua konzi ya mchanga, akaimimina. Kisha akaitazama saa yake ya mkononi, ambayo mshale mfupi ulikuwa kwenye nane, asubuhi ya Jumamosi ya New Jersey, akaniuliza, "Kaka, hapa kwenu saa ngapi?" Alisema kwenu. Sidhani alijisikia.

Sikuwahi kumwambia kwamba hesabu ilikuwa yangu. Alidhani ni wazee waliokataa kungoja. Juma lililopita, baada ya kuipata barua hii ya Kisauni, nilimpigia simu nikamweleza. Alikaa kimya, kisha akasema, "Na mimi ningekuandikia tu kwamba natua saa tano ya kwenu, ungejua. Niliandika saa za kitini." Basi tulikuwa wawili.

Kabla sijamrudia mama, neno moja kwa wale ambao tiketi zao si za moja kwa moja, na hao ndio wengi. Msitazame bei na saa za angani peke yake. Anayepitia Amsterdam kwenda New York huongeza kiasi cha kilomita 700 tu juu ya njia fupi, kwani Amsterdam haiko mbali na njia. Anayepitia Dubai kwanza huenda kilomita 3,500 na zaidi kuelekea kaskazini-mashariki, kisha anageuka kuanza safari yenyewe, na mwisho wake amezidisha kilomita 2,700. Simlaumu, maana mara nyingi ndiyo tiketi anayoweza kuinunua. Lakini mahali pa kupoteza muda si angani. Ni katika kiti cha chuma cha uwanja wa katikati, kungoja ndege ya pili. Huko saa 4 au 9 au 12 hupotea, na hakuna simu itakayokuhesabia ukiiuliza umbali tu. Anayewangojea wasafiri wa namna hiyo asiulize safari ni ya saa ngapi. Aulize: kwa saa ya hapa nilipo mimi, utakanyaga ardhi lini?

Sasa mama wa Kisauni, chukua ile kalamu yako ya buluu.

Binti yako ataondoka nyumbani mapema mchana, maana lazima awe uwanja wa Nairobi saa 3 kabla ya ndege, na kutoka Mombasa kuna safari yake. Ndege itaondoka mlangoni saa 5 na dakika 25 usiku. Wewe lala. Najua hutalala, lakini lala. Ukiamka kuswali alfajiri atakuwa amekwisha kuliacha jangwa au anakaribia kuliacha. Ukinywa chai ya saa 4 asubuhi atakuwa juu ya Atlantiki, na huko simu yake haitapatikana. Usipige. Saa 8 na dakika 25 mchana, kwa saa iliyo ukutani kwako, ndege itakuwa inasimama New York. Kwao kutakuwa alfajiri, giza, na baridi ambayo binti hajapata kuiona.

Kisha ongeza saa 2. Huko kuna foleni ya uhamiaji, na mwanafunzi anayeingia mara ya kwanza huulizwa maswali na kutazamwa karatasi moja moja. Kuna sanduku la kungoja. Kuna kutafuta mahali pa kuipa simu mawasiliano. Ikiwa upepo umewapinga zaidi ya kawaida, ongeza nusu saa nyingine. Hiyo ni saa 11 kasoro dakika 5 jioni, wakati watoto wa jirani yako wanarudi kucheza mpira. Kabla ya hapo huna sababu ya kuogopa. Baada ya hapo mpigie, na kama hapokei, mpigie aliyekwenda kumpokea, ambaye nambari yake uiandike leo kwenye karatasi, usiiache ndani ya simu ya mjukuu.

Na kabla hajaondoka mwombe jambo moja dogo. Asiisogeze saa yake ya mkononi akiwa ndani ya ndege, hata wakitangaza saa ya New York. Aiache ilivyo mpaka akusikie sauti yako, akwambie kwako ni saa ngapi, ndipo airudishe nyuma.